Kioo cha mionzi ya X kinawezekanaje, wakati kwangu mionzi inakipita kioo kila siku?

MamaRadio (Katuba)

Bonjour wote. Mimi kazi yangu ni kupiga radio, yaani picha za mionzi ya X, katika hospitali moja hapa Lubumbashi, mwaka wa 14 sasa. Vifua, mikono, nyonga, migongo ya wachimbaji.

Juzi mtoto wangu wa sekondari amerudi na picha kwenye simu: darubini inaitwa Chandra, iko angani tangu 1999, na chini wameandika kwamba ina vioo vya kukusanya mionzi ya X inayotoka kwenye nyota. Akanitazama. "Mama, si ulisema mionzi ya X hairudi kwenye kioo?"

Nilisema, na sababu ninayo. Mwezi wa nane mwanga wa kolimeta yetu ulianza kuangukia pembeni. Kolimeta ni lile sanduku chini ya bomba, linalotupa mwanga wenye msalaba juu ya mgonjwa ili ujue picha itakamata wapi. Taa yake haiwezi kukaa katika njia ya mionzi, maana ingetokea kwenye kila picha. Kwa hiyo imewekwa ubavuni, na mbele yake kuna kioo kimeinamishwa digrii 45. Mwanga unagonga kioo, unageuka, unateremka kwa mgonjwa. Mionzi inatoka juu na inakipita kioo hicho hicho kama vile hakipo.

Fundi alipofungua, mimi ndiye nilimshikia tochi. Kioo chembamba, kidogo kuliko kiganja changu, na skrubu moja imelegea. Kabla ya kukaza tulifanya jaribio: tukaweka vizibo vinne vya chupa kwenye pembe nne za mwanga, tukapiga. Vizibo viwili vikatokea, viwili havipo kabisa. Kioo kilikuwa kimehamisha mwanga kwa sentimita 2 mezani, na mionzi haikuhama hata kidogo. Haikujua kama kuna kioo.

Sasa ninyi mnaojua: ni kioo gani hicho ambacho mionzi inakubali kurudi? Naomba mtu anieleze kwa maneno yake. Msinitupie link, megabaiti zangu ni za kuhesabu.

petit_wa_Kenya

Mama, ile iko bongo, uongo tu. X-ray inapita mu mwili, inapita mu mbao, sasa kioo njo itairudisha? Bazungu banatubeba. Picha banachora na ordinatère, kompyuta.

Papa Katodi

Petit, tulia kwanza.

Jambo Mama. Swali lako ni zuri kuliko yale ninayosoma humu kila siku, na hilo la vizibo nimelipenda. Mimi si mtu wa nyota. Nimefanya kazi ya elektrolizi, yaani kuotesha metali kwa umeme ndani ya hodhi la asidi, miaka 27, Likasi kisha Kolwezi, shaba na kobalti, na sasa nafuga kuku upande wa Kasapa. Hivi vioo nilianza kuvifuatilia siku niliposoma kwamba vingine vinatengenezwa ndani ya hodhi la elektrolizi. Nikasema, kumbe hawa ni watu wa kazi yetu.

Wewe na mtoto wote mna haki. Tofauti iko kwenye pembe. Kioo chako kimekaa digrii 45, na kwa pembe hiyo mionzi ya X itapita au itamezwa. Vioo vya Chandra vimelazwa chini ya digrii 1. Kile cha nje kabisa kinapokea mionzi kwa dakika 51 za digrii (digrii moja ina dakika 60), cha ndani kabisa kwa dakika 27, yaani hata nusu digrii haifiki. Mionzi haikigongi kioo usoni. Inaambaa juu yake, inagusa kidogo, inapindishwa kidogo, inaendelea na safari.

Umeshasafiri kwenda Likasi saa sita mchana mwezi wa kumi, kabla ya mvua? Unaona mbele lami ina maji, hata lori linaonekana limepinduka ndani yake. Ukifika, pakavu. Hewa iliyolala juu ya lami imepata moto, imekuwa nyepesi kuliko hewa ya juu yake. Mwanga unaokuja ukiambaa kutoka kwenye hewa nzito unashindwa kuingia katika ile nyepesi, unageuzwa. Hewa tu, bila kioo, inageuka kioo! Na angalia: maji hayo huyaoni miguuni pako hata siku moja. Unayaona mbali tu, kwa sababu mbali ndiko jicho lako linaiangalia lami kwa pembe ndogo.

Mionzi ya X na metali ni hivyo hivyo. Kwa mwanga wa kawaida, kioo ndicho kizito na hewa ndiyo nyepesi. Kwa mionzi ya X mambo yamepinduka: uwazi mtupu ndio mzito, metali ndiyo nyepesi, kwa tofauti ndogo mno. Kwa kuwa tofauti ni ndogo mno, pembe nayo lazima iwe ndogo mno. Metali yenye elektroni nyingi zilizobanana inakuachia pembe kubwa zaidi, ndiyo maana wanapaka dhahabu, au metali inaitwa iridi kama kwenye Chandra.

Ukishakubali pembe hiyo, sahau kioo cha umbo la sahani. Kioo kinakuwa bomba. Chukua ndoo isiyo na kitako, iliyopanuka kidogo sana upande mmoja. Kioo ni ukuta wake wa ndani. Mjerumani Hans Wolter ndiye aliyeichora mwaka 1952, na yeye alikuwa anatafuta mikroskopu, hakuwa na habari ya nyota. Sehemu ya mbele ina mkunjo wa parabola, ya nyuma hiperbola. Mionzi inagusa ya kwanza, inagusa ya pili, inakutana kwenye fokasi. Kwa Chandra fokasi iko mita 10 nyuma.

Hasara yake nayo ni kubwa. Kioo cha nje cha Chandra kina urefu wa sentimita 83 na upana wa mita 1.2. Lakini piga hesabu: ukikitazama kutoka mbele, jinsi kilivyolala, unaona pete nyembamba ya milimita 12 tu. Yote mengine ni shimo. Ndiyo maana wanaweka bomba ndani ya bomba, kama sufuria za sokoni. Chandra ina jozi nne, uzito wa vioo peke yake unakaribia tani moja, na mlango wake wa kupokea mionzi haufiki karatasi mbili za A4.

MamaRadio (Katuba)

Papa, aksanti sana. Hiyo ya lami nimeielewa mara moja, na nimeona haya kidogo: barabara hiyo nimeipita mara mia.

Lakini umesema "vinatengenezwa ndani ya hodhi la elektrolizi", kisha ukaruka. Rudi hapo. Kioo kinatokaje kwenye asidi?

Papa Katodi

Hapo ndipo nilikuwa nangoja uniulize.

Kuna njia mbili. Ya Chandra ni ya kusugua. Wamechukua kioo kinaitwa Zerodur, kutoka Mainz kule Ujerumani, kisichotanuka wala kusinyaa kwa joto, wakakisugua huko Danbury, Marekani, hadi makosa yaliyobaki ni ya atomi chache. Kusugua, kupima, kusugua, kupima. Inatoa kioo bora kuliko vyote: inatenganisha vitu viwili vilivyoachana nusu sekunde ya digrii (dakika moja ya digrii ina sekunde 60). Lakini kila kioo ni kinene, kizito, kinakula miaka. Huwezi kupanga hamsini.

Wazungu wa Ulaya walitaka hamsini. Darubini yao XMM-Newton, iliyoruka Desemba 1999 kutoka Kourou, ina mizinga mitatu ya vioo, kila mmoja maganda 58, yaani mabomba membamba ya kioo yanayoingiana. Jumla 174. Hawakusugua ganda hata moja.

Nikueleze kwanza kitu cha kwetu. Katika jumba la elektrolizi, shaba tunaiotesha juu ya bamba la inoksi, chuma kisichoshika kutu. Bamba linazama kwenye hodhi, mkondo unapita, shaba inajenga pole pole pande zote mbili. Siku zikitimia tunalipandisha, tunapiga nyundo upande wa juu, tunaingiza patasi, na karatasi ya shaba inaachia: kraaa. Inaachia kwa sababu shaba haishiki vizuri kwenye inoksi. Upande wake wa nje una vipele na mawimbi. Lakini igeuze. Upande uliokuwa umelala juu ya inoksi umetulia kabisa, unang'aa, una rangi ya waridi. Sisi tulikuwa tunachania nywele humo kabla ya kutoka zamu.

Kuna mwaka tulipata kijana mpya, mwenye bidii ya hatari. Aliona mabamba yana madoa, akachukua msasa akayasugua usiku mzima, mabamba kama thelathini. Alfajiri anajivuna. Wiki iliyofuata shaba ya mabamba hayo ikakataa kuachia. Tulipiga nyundo hadi mikono inatetemeka. Na zile chache zilizotoka, upande wa ndani ulikuwa na kila mkwaruzo wa msasa wake, mmoja mmoja, umeandikwa kinyume. Siku hiyo ndipo nilielewa kwamba metali inayoota ndani ya hodhi inasoma uso wa bamba herufi kwa herufi.

Vioo vya XMM ni huo upande wa ndani. Basi.

Kampuni ya Zeiss, Ujerumani, ilichonga kalibu za aluminiamu, ikazivika nikeli ngumu, na hizo kalibu ndizo zilizosuguliwa hadi mikwaruzo ikabaki karibu nusu nanomita, yaani atomi mbili hivi. Kisha kampuni ya Media Lario, Italia, ilichukua kila kalibu ikaivukizia dhahabu ndani ya chombo kisicho na hewa, tabaka jembamba tu. Halafu ikaizamisha kwenye hodhi la nikeli. Nikeli ikaota juu ya dhahabu, nusu milimita kwa maganda madogo, milimita moja na kidogo kwa yale ya sentimita 70. Hesabu yangu ya zamani: ukienda polepole, ampea 2 kwa desimita ya mraba, nikeli inakupa mikroni 24 hivi kwa saa. Milimita moja ni kama saa 40 bila kupumzika.

Kutoa ganda, hakuna nyundo. Wanaipoza kalibu. Aluminiamu inasinyaa karibu mara mbili ya nikeli, kwa hiyo kalibu inajivuta ndani, panafunguka kijinafasi kisichozidi unywele au miwili, na ganda linateleza upande uliopanuka. Dhahabu inaachana na kalibu, inatoka na nikeli. Unapata bomba lenye ukuta wa ndani wa dhahabu, uliosuguliwa bila kuguswa na mtu. Kalibu inaoshwa, inarudi kazini.

Nilipomaliza kusoma hayo niliweka gazeti chini, nikaenda kulisha kuku. Miaka 27 tulikuwa tunageuza upande huo chini ili vipele vihesabiwe.

petit_wa_Kenya

Sasa Papa, kama iko mwepesi hivyo, juu ya nini batu ba Likasi habakutengeneza?

Papa Katodi

Wapi nimesema ni mwepesi? Uliza mtu yeyote aliyewahi kuotesha kobalti.

Metali ndani ya hodhi haioti imetulia. Inaota na mvutano ndani yake, kama ngozi ya ngoma iliyokazwa. Shaba ina tabia nzuri. Kobalti ina hasira. Kule Kolwezi zamu ya usiku nilipandisha mkondo kidogo, nataka msimamizi wa asubuhi akute uzito mzuri. Saa tisa usiku nasikia pa! Kisha pa! pa! Kobalti inajipasua yenyewe, inaruka kutoka kwenye bamba, vipande vimejikunja kama maganda ya muhogo, vinaangukia kati ya anodi na katodi. Shoti hodhi mbili. Kosa langu, nililitia sahihi mwenyewe.

Sasa chukua mvutano huo uuweke kwenye ganda la nikeli la milimita moja, pana sentimita 70. Likiwa juu ya kalibu, limeshikwa, halina la kufanya. Ukilitoa tu, linataka kujikunja. Kwa macho huwezi kuona kitu, lakini umbo la parabola limekufa, na nyota inakuwa doa. Joto la hodhi, uchafu, mkondo, mzunguko wa maji, vyote lazima vikae mahali pamoja kwa hizo saa 40. Umeme ukikatika katikati, nikeli inaota ngozi juu, na tabaka linalofuata halishiki la kwanza. Umeme wa kwetu unaujua.

Ndiyo maana maganda ya XMM yanakusanya mionzi mingi kuliko Chandra lakini picha yake si kali kama ya Chandra: sekunde 15 hivi za digrii mahali pa nusu. Ganda jembamba linajipinda, hata kwa uzito wake lenyewe likiwa duniani.

Na ile kobalti yenye hasira, Wamarekani wa Huntsville wakaichanganya na nikeli, wakaifuga kwa kuchunga hodhi, na aloi (mchanganyiko) iliyotoka ni imara kuliko nikeli tupu, unaweza kuotesha ganda jembamba zaidi. Darubini ya IXPE, iliyoruka Desemba 2021, ina mizinga mitatu ya maganda 24 ya nikeli na kobalti. Nilipoona neno kobalti nilicheka peke yangu. Kama ni ya Katanga au siyo, usiniulize, kobalti ikishapita mpaka wa Kasumbalesa haibebi kitambulisho.

Assistant_Fizikia

Naongeza kidogo kwa Mama, maana Papa amezungumzia mionzi laini, yaani ya nguvu ndogo. Chandra na XMM zinafanya kazi hadi kama kiloelektronivolti 10 (ndicho kipimo cha nguvu ya mionzi). Wewe ukiweka mashine kilovolti 70, mionzi yako inafika hadi 70. Pembe inayokubalika inapungua jinsi nguvu inavyopanda: nguvu mara kumi, pembe inagawanywa kwa kumi. Kwa mionzi ya hospitali, bomba la dhahabu tupu linakaribia kuwa bure.

Dawa yake iko kwenye darubini NuSTAR, iliyoruka Juni 2012, inayofika kiloelektronivolti 79. Vioo vyake ni vipande vya kioo chembamba cha aina ya skrini za simu, milimita 0.2, vilivyolegezwa kwenye tanuru hadi vikalalia kalibu. Kisha vikapakwa tabaka juu ya tabaka, platini na kaboni, au tungsteni na silisi. Kila mpaka kati ya tabaka mbili unarudisha mionzi kidogo, na ukipanga unene vizuri, vidogo hivyo vinajumlika. Maganda 133 kwa kila mzinga, na mlingoti wa mita 10 uliojikunjua angani ili fokasi ifike.

Kuhusu hasara ya pembe, Papa amekuwa mkali mno kidogo. Pembe ndogo inasaidia pia: kijipele cha nanomita moja, ukikitazama kwa kuambaa, kinaonekana kifupi. Kama mionzi hii ingekuja wima, hakuna fundi angeweza kusugua kioo cha kuitosha.

Papa Katodi

Assistant, nakubali. Hilo la kijipele sikulifikiria.

MamaRadio (Katuba)

Kwa hiyo mionzi ya mkono uliovunjika, ya kilovolti 50 na kitu, NuSTAR ingeikusanya. Haya, nimeanza kuwaheshimu.

Swali la mwisho, la kazi yangu. Kioo hiki kimeshatengenezwa, bado kiko duniani. Wanakijaribuje? Kwa sababu mimi nikipiga kifua nasimamisha mgonjwa mita 1.80 kutoka kwenye bomba, ili mionzi ifike imenyooka kidogo na moyo usionekane mkubwa. Nyota iko mbali, mionzi yake imenyooka kabisa. Bomba la mionzi la kujaribia litaigaje hilo?

Assistant_Fizikia

Mama, umejijibu. Wanarudi nyuma. Vioo vya Chandra vilijaribiwa Huntsville, majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997. Chanzo cha mionzi upande mmoja, vioo upande mwingine, kati yao bomba la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 500, limenyonywa hewa yote, maana hewa inameza mionzi laini. Na hata kwa mita 500 bado haijanyooka sawasawa, wanasahihisha kwa hesabu. Ni mita 1.80 yako, imerefushwa tu.

MamaRadio (Katuba)

Mita 500! Ni kutoka kwangu hadi kanisani na kurudi.

Jana usiku umeme haukuwepo, tukajaribu jambo moja na mtoto. Karatasi nyeupe ya daftari juu ya meza, tochi ya simu imesimamishwa upande wa pili. Tukiitazama kwa kuinama kawaida, karatasi ni nyeupe tu. Tukashusha kidevu hadi mezani, jicho likawa sawa na ukingo wa karatasi, na taa ya simu ikatokea ndani ya karatasi, ndefu, inatetemeka, kama iko kwenye maji. Akanyanyua kichwa, ikapotea. Akashusha, ikarudi. Amefanya hivyo hadi betri ikafika asilimia 9 nikamnyang'anya.

Papa Katodi

Mwambie aikunje karatasi kidogo, iwe kama mfereji, aone taa inavyokusanyika. Na betri ikichajiwa.